Kujisahihisha kwa Taifa: Sarufi ya Kuanguka na Kuinuka kwa Tanzania

1.0 Utangulizi

Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa katika mwaka wake wa kwanza wa uhuru, Julius Nyerere aliandika kijitabu kilichochapishwa na chama cha TANU. Jina la kijitabu hicho ni neno moja tu: Tujisahihishe. Kwa mwanasarufi, neno hilo ni sentensi kamili. Kiambishi tu- ni cha nafsi ya kwanza wingi. -Ji- hulirejesha tendo kwa mtendaji mwenyewe. Shina sahihi ni la asili ya Kiarabu. -Sh- ni mofimu ya usababishi. Na irabu -e ya mwisho huonyesha kwamba tendo linatakiwa lifanyike, wala bado halijafanyika. Anayesahihisha ni sisi, anayesahihishwa ni sisi, na kazi yenyewe iko mbele yetu.

Mhadhara huu unaichunguza historia ya Tanzania tangu uhuru kwa kufuata njia ambayo wanauchumi na wanasiasa hawaipiti mara kwa mara. Swali lake ni hili: taifa linapoanguka, hulizungumziaje anguko lake, na namna hiyo ya kuzungumza ina uhusiano gani na uwezekano wa kuinuka tena? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika kila awamu ya historia ya nchi hii kulikuwa na umbo la kitenzi lililotawala katika kueleza dhiki, na kwamba yale makosa ambayo wahusika waliyataja kwa kitenzi cha kutenda, wakijiweka wenyewe katika nafasi ya kiima, ndiyo yaliyoelekea kurekebishwa. Makosa yaliyotajwa kwa maumbo mengine yalielekea kubaki, au kurudi kwa sura mpya.

2.0 Maumbo Matatu ya Dhiki

Ili hoja ieleweke, yafaa kuanza na mifano mitatu iliyo sahili:

(a) Uchumi umeharibika.
(b) Uchumi umeharibiwa.
(c) Tumeuharibu uchumi.

Sentensi (a) ina kauli ya kutendeka. Mofimu -ik- huieleza hali iliyofikiwa bila kumtaja wala kumdokeza mtendaji. Uchumi umeharibika kama chakula kinavyoharibika kwa joto. Sentensi (b) ina kauli ya kutendwa. Hapa mtendaji hajatajwa, lakini yupo, msikilizaji ana haki ya kuuliza "na nani?" na kiunganishi na kiko tayari kumpokea huyo atakayetajwa. Sentensi (c) ina kauli ya kutenda, na mtendaji wake ni yule yule anayesema.

Ikumbukwe kwamba hakuna umbo lililo la uongo kwa asili yake. Mvua isiponyesha, mazao hukauka, na kauli ya kutendeka ndiyo inayostahili. Mwizi akivunja ghala, ghala limevunjwa, na kauli ya kutendwa ndiyo ya kweli. Tatizo huanza pale ambapo umbo moja linatumiwa kufunika jambo linalostahili umbo jingine. Mwenye duka aliyekula mtaji wake mwenyewe akisema kwamba biashara imeharibika, hakukosea sarufi; amejificha ndani yake.

3.0 Urithi wa Maombolezo: Pate

Kuzungumzia anguko si jambo geni katika Kiswahili. Katika karne ya 18 mji wa Pate, katika visiwa vya Lamu, ulikuwa na sifa ya utajiri, ustadi na ushairi. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Vita vya Shela, vilivyopiganwa yapata mwaka 1812 au 1813, ambapo Pate na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu, vilimaliza kile ambacho fitina za kugombea utawala zilikuwa zimeanza. Kutoka katika mazingira hayo ulizuka utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao kwa wasomi wengi ni miongoni mwa kazi kuu kabisa za fasihi ya Kiswahili.

Kuna mambo mawili katika utenzi huo yanayohusu mada hii. Kwanza, mshairi hatafuti adui wa kumtwisha lawama. Majumba yaliyobaki magofu hayakubomolewa na mtu anayetajwa. Yamefikwa na yale yanayoifika dunia yote. Pili, anayeambiwa katika utenzi huo ni moyo wa mshairi mwenyewe. Anauonya, anauhoji na kuukemea. Hapa pana chembe ya kile ambacho Nyerere alikiita baadaye kujisahihisha, lakini inaishia ndani ya nafsi. Mji wenyewe hauna wa kuusahihisha. Mwanadamu anaweza kutubu, Pate haiwezi.

Urithi huo ulikuwa mzito. Uliwapa wasemaji wa Kiswahili lugha tajiri ya kuomboleza, lakini haukuwapa lugha ya kuijenga upya dola. Lugha hiyo ilibidi iundwe katika karne ya 20.

4.0 Lugha ya Kujitegemea, 1962-1977

Mnamo Desemba 10, 1962, siku moja baada ya kuanza kwa jamhuri, Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake za kila siku, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, likaundwa kwa sheria ya Bunge. Mwaka huo ndio pia wa Azimio la Arusha.

Azimio liliandikwa na kujadiliwa kwa Kiswahili. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba uzito wake hauonekani tena. Mkulima wa Sumbawanga na karani wa Tanga waliweza kuusikia mpango wa nchi yao kwa maneno yaleyale yaliyotumiwa na waliouandika, wakayabishia, wakayatungia ngonjera na hata mizaha. Istilahi kama unyonyaji, kupe, mirija, bepari na kabaila zilitoka katika maandishi ya chama zikaingia katika vijiwe vya kahawa. Cheo cha ndugu kilitumiwa kwa waziri na kwa mfagizi. Na neno lililobeba uzito wa yote, kujitegemea, lilikuwa na ile mofimu -ji- iliyomo katika Tujisahihishe.

Lugha hiyo haikuwa mapambo tu. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati wa sensa ya 1967, ambapo Tanzania ilikuwa na watu wapatao milioni 12.3, takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 walikuwa wanajua. Hata anayezitilia shaka takwimu hizo hawezi kukana kwamba kampeni hiyo isingewezekana bila lugha moja iliyoeleweka nchi nzima.

Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho sarufi ilianza kupindishwa. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi katika vijiji litakuwa jambo la lazima ifikapo mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu waliondoka walikokuwa wakikaa, baadhi yao baada ya nyumba zao kuchomwa. Katika lugha rasmi watu hao walihamia vijijini, kana kwamba walijipeleka. Katika masimulizi ya wengi wao, walihamishwa. Kati ya -hamia na -hamishwa pana umbali wa mofimu chache tu, lakini ndani yake mna historia nzima ya Operesheni Vijiji. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya za Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), alikuwa miongoni mwa waliouonyesha umbali huo wakati ambapo magazeti hayakuweza.

Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Hatua hizi mbili ziliwaondolea wananchi vyombo ambavyo kwavyo wangeweza kusema "tumekosea" na kurekebisha wenyewe. Mwaka uliofuata Nyerere alitoa tathmini yake, Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi. Ndani yake alikiri waziwazi kwamba uzalishaji ulikuwa hafifu na kwamba mashirika mengi ya umma hayakuendeshwa kwa ufanisi. Ukweli ulisemwa, na ulisemwa na mkuu wa nchi. Lakini vyombo vya kuupokea vilikuwa vimekwisha kuondolewa.

5.0 Umeharibika, Umehujumiwa: 1978-1985

Sababu za anguko la uchumi zinajulikana vyema. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na kupanda tena mwaka 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulilazimisha nchi kuagiza nafaka kwa wingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Bei nzuri ya kahawa ya miaka hiyo haikudumu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyoishia kwa kutekwa kwa Kampala mnamo Aprili 11, 1979, viliigharimu nchi kiasi kinachokadiriwa kufikia dola milioni 500. Juu ya hayo palikuwa na sababu za ndani. Mkonge, uliotoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ulitoa chini ya tani 50,000 katikati ya miaka ya 1980. Mfumuko wa bei ulifikia takriban asilimia 30 kwa mwaka.

Baada ya vita wananchi waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mikanda haikulegezwa. Msamiati wa kipindi hicho ni kumbukumbu iliyo aminifu kuliko ripoti nyingi: foleni, bidhaa adimu, magendo, ulanguzi, bei ya kuruka. Unga wa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo uliitwa unga wa yanga, kwa rangi ya jezi za timu ya mpira. Mavazi ya mtumba yaliitwa kafa Ulaya. Wananchi walitaja dhiki yao kwa kejeli iliyokuwa na usahihi mkubwa.

Lugha rasmi ilichukua mwelekeo mwingine. Mwanzoni kauli ya kutendeka ndiyo iliyotawala: hali imekuwa ngumu, vipuri havipatikani, bei zimepanda. Mwaka 1983 ikaja kauli ya kutendwa. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako mkubwa, na watu zaidi ya elfu moja walikamatwa. Sheria maalumu ilitungwa, na mahakama maalumu ikaundwa. Neno kuu lilikuwa uhujumu uchumi. Hujuma katika asili yake ya Kiarabu ni shambulio, na kulitumia neno la kijeshi miaka minne tu baada ya vita vya Uganda hakukuwa jambo la kubahatisha. Uchumi haukuwa umeharibika tena. Ulikuwa umeshambuliwa, na adui alikuwa na duka mtaani.

Haifai kukana kwamba waficha bidhaa walikuwepo, wala kwamba Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari mnamo Aprili 12, 1984, alikumbukwa na wengi kwa uadilifu wake. Lakini mlanguzi alikuwa zao la uhaba zaidi ya kuwa chanzo chake. Mfumo wa bei na ugawaji uliomfanya apate faida haukusimama kizimbani. Kauli ya kutendwa ilikuwa imempata mtendaji, nchi ikapumua kwa muda, na rafu za maduka zikabaki tupu.

Katika miaka hiyo hiyo, hata hivyo, yalifanyika mambo mawili ambayo hayakupigiwa tarumbeta. Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kurudisha ushirika na serikali za mitaa, na serikali hizo za mitaa zilianza tena kazi mwaka 1984. Mwaka huo huo Nyerere, alipohojiwa kuhusu mambo ambayo angeyafanya tofauti, alitaja hayo mawili: kuzifuta serikali za mitaa na kuvivunja vyama vya ushirika. Hakusema yaliharibika, wala hakusema yalihujumiwa. Alisema, kwa maana yake, kwamba "tulikosea". Hapa ndipo hoja ya mhadhara huu inapopata mfano wake ulio bora: kosa lililokubaliwa kwa kauli ya kutenda ndilo lililorekebishwa.

Si hayo tu yaliyozaliwa katika miaka ya dhiki. Mwaka 1981, wakati karatasi yenyewe ilikuwa bidhaa adimu, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Nchi iliyoshindwa kupata sabuni ilifaulu kuyapanga maneno yake kwa alfabeti.

6.0 Ruksa na Kufufuliwa: 1985-1999

Ali Hassan Mwinyi alishika urais Novemba 1985, na mwaka uliofuata makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafikiwa. Njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa kidogo mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuingiza bidhaa. Wananchi waliupa wakati huo neno lao, ruksa, na Rais mwenyewe wakamwita Mzee Ruksa. Neno hilo lina asili moja na ruhusa. Yote mawili yametokana na rukhsa ya Kiarabu. Lakini ruhusa ni ya ofisini, huombwa na kuandikiwa barua. Ruksa ni ya mtaani. Kwa badiliko dogo la sauti wasemaji walitenganisha kibali cha dola na uhuru wa kufanya.

Mpango rasmi uliitwa wa kufufua uchumi. Jina hilo lastahili kutazamwa. Kitenzi ni cha kutenda, lakini kiko katika hali isiyo na kiambishi cha nafsi. Kufufua: nani anafufua? Kwa vitendo, jibu lilikuwa kwamba uchumi ulikuwa unafufuliwa, na mfufuaji yuko nje. Mpango uliandikwa kwa Kiingereza, ukajadiliwa kwa Kiingereza, na mwananchi akaupata kwa matokeo yake: shilingi, iliyokuwa zaidi kidogo ya 8 kwa dola mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilifika karibu 200 mwaka 1990, uchangiaji wa gharama ukaingia hospitalini na shuleni, uandikishaji katika shule za msingi, uliokuwa umezidi asilimia 90, ukashuka chini ya asilimia 80 katika miaka ya 1990. Sensa ya 2002 ilionyesha kwamba wanaojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 70.

Msamiati ulibadilika kwa kasi. Ubinafsishaji, soko huria, utandawazi na wawekezaji yaliingia. Nchi zilizotoa mikopo na misaada ziliitwa wahisani, watenda ihsani, na kwa hiyo anayepokea akawa mwenye kushukuru tu. Machinga wakajaa barabarani. Ndugu ikaanza kurudi nyuma mbele ya mheshimiwa. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, ikikutana Zanzibar, ililegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio la Arusha. Azimio la 1967 lilitangazwa kwa matembezi. Kulegezwa kwake kulifahamika kwa minong'ono. Kosa lilikuwa lipi, la Azimio lenyewe au la walioshindwa kulifuata? Halikujibiwa kwa kauli ya kutenda, na kwa hiyo limebaki linaulizwa hadi leo.

Ni haki kuyataja mafanikio pia. Maduka yalijaa. Mfumo wa vyama vingi ulirudishwa mwaka 1992. Mfumuko wa bei ulishuka chini ya asilimia 10 kufikia 1999, na mwaka 2001 nchi ilipata msamaha mkubwa wa madeni. Benjamin Mkapa, aliyeingia madarakani mwaka 1995 kwa kaulimbiu ya ukweli na uwazi, aliunda tume chini ya Joseph Warioba iliyotoa ripoti nzito kuhusu rushwa mwaka 1996. Naye Nyerere, akizungumza na waandishi wa habari Machi 1995, aliifananisha nchi na nyumba iliyopata nyufa, akazitaja moja moja, zikiwamo za Muungano, rushwa, udini na ukabila. Sitiari ya ufa ina faida yake: ufa huonwa na wakaao ndani, nao ndio wenye wajibu wa kuuziba.

7.0 Pingamizi Moja

Mtu anaweza kupinga kwamba yote haya ni kuipa sarufi kazi isiyo yake. Ghala halijazwi kwa viambishi. Bei ya mafuta ya mwaka 1979 isingeshuka hata kama kila waziri angetumia kauli ya kutenda. Aidha, nchi nyingine zilizotumia Kiingereza au Kifaransa zilipata maporomoko yale yale na ahueni ile ile.

Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu kubwa, na linapaswa kuiwekea hoja mipaka. Lugha haikuleta anguko la Tanzania, wala haitaleta peke yake kuinuka kwake. Dai lililopo ni dogo zaidi. Kati ya sababu za anguko, zipo zilizo nje ya uwezo wa nchi na zipo zilizo ndani ya uwezo huo. Zile za ndani haziwezi kuondolewa mpaka mwenye kuzitenda ajulikane na kujitaja. Na wananchi hawawezi kumtaka ajitaje ikiwa jambo lenyewe limeandikwa katika lugha wasiyoisoma, au katika umbo linalomficha. Makosa ya ushirika na serikali za mitaa yalitajwa na kurekebishwa. Makosa ya kuwahamisha watu kwa nguvu yalitajwa nusunusu, nayo migogoro ya ardhi iliyotokana na uhamishaji huo iliendelea kufika mahakamani hadi miaka ya 1990.

8.0 Matarajio

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyotolewa mwaka 1999, ilikuwa na sehemu iliyostahili kusomwa zaidi ya ilivyosomwa. Miongoni mwa vikwazo vya maendeleo ilitaja mazoea ya kutegemea wafadhili, fikra za kukata tamaa, na udhaifu wa kutotekeleza yale yaliyoamuliwa. Hayo yalikuwa maneno ya kujisahihisha. Dira iliyoifuata, ile ya 2050, ilizinduliwa Julai 2025, wakati nchi imekwisha kuzidi watu milioni 61 kwa sensa ya 2022. Wengi wao hawakuijua foleni ya sukari wala Mzee Ruksa isipokuwa kwa kusimuliwa.

Je, kizazi hicho kinazo zana za kujisahihisha? Upande mmoja jibu ni ndiyo. Kiswahili kina hadhi ambayo hakijawahi kuwa nayo: tangu 2019 ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, mwaka 2021 UNESCO ilikitengea Julai 7 kuwa siku yake duniani, na mwaka huo huo sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mkulima anayeshtakiwa kwa lugha anayoielewa ana nafasi ya kujibu.

Upande mwingine jibu linasita. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na hadi leo masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kijana hujifunza uchumi, yaani elimu ya kuinuka na kuanguka kwa mataifa, katika lugha ambayo hawezi kubishana nayo nyumbani. Anakariri sababu za dhiki ya nchi yake bila kuweza kumweleza bibi yake aliyeishi ndani ya dhiki hiyo.

Na upo mtihani ulio karibu zaidi. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 29, 2025, uliandamana na ghasia na vifo, intaneti ikazimwa, na Novemba mwaka huo ikaundwa tume ya kuchunguza. Msomaji wa ripoti za namna hiyo, ziwe za nchi hii au nyingine, anacho kipimo ambacho hakihitaji ushabiki wa chama chochote. Na atazame vitenzi. Je, watu walikufa, au waliuawa? Kama waliuawa, je, baada ya kiunganishi na kuna jina? Je, kuna mahali popote ambapo mwenye mamlaka, awe wa serikali au wa upinzani, anasema kwa nafsi ya kwanza kwamba alitenda? Hati isiyo na kitenzi kimoja cha aina hiyo inaweza kuwa na kurasa nyingi na takwimu nyingi, lakini historia iliyoelezwa hapo juu haitoi sababu ya kuitegemea.

9.0 Hitimisho

Pate iliacha maombolezo ambayo yameishi kuliko mji wenyewe. Tanzania haijafika huko, na hakuna amri ya majaliwa inayosema itafika. Nchi hii imeanguka mara moja ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai, ikainuka kwa sehemu, na imebaki na deni la maelezo kuhusu anguko hilo na mengine yaliyofuata. Deni hilo halilipwi na wahisani.

Kazi ya wanafunzi na wanazuoni wa Kiswahili katika jambo hili ni ya kawaida kabisa: kuyatafsiri maandishi ya mipango yanayobaki katika Kiingereza, kuunda istilahi ambazo mtu wa kijijini anaweza kuzibishia, kukusanya maneno ambayo watu waliyatumia kutaja shida zao kabla hayajasahauliwa, na kuwafundisha vijana tofauti kati ya -haribika, -haribiwa na -haribu kama jambo lenye maana kupita mtihani. Lugha imekwisha kutoa umbo linalohitajika, na limekuwapo tangu 1962. Irabu yake ya mwisho bado ni ya kutakia. Kuigeuza iwe ya wakati uliopo kunawahusu wale wanaoitamka.